Raba Nyeupe za Chiriku

Tarehe 3 Februari

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na kikohozi chako, maana ninyi wawili hamjawahi kuachana.

Nimehamia chumba kingine, kidogo kuliko cha kwanza. Kabati haliingii. Nguo zangu zinaning'inia kwenye bomba moja nyuma ya mlango, kwa hiyo nimezipunguza: suruali nyeusi mbili, sketi ya bluu iliyokolea, gauni la kijivu, mashati matatu na sweta. Kila moja inapatana na nyingine. Naweza kuvaa umeme ukiwa umekatika nikatoka nje bila kuchekwa.

Kilichobaki ni cha miguuni. Pale dukani kwetu, kwenye mapazia, wameondoa sare. Meneja amesema tuvae nguo zetu wenyewe, nadhifu, na chini raba nyeupe zisizo na maandishi wala mistari. Anasema mteja aangalie pazia, asiangalie miguu ya muuzaji. Mimi nilikuwa likizo kidogo, nilichoka tu, usijali. Narudi mwanzoni mwa Machi. Lakini Mjomba, nafasi yangu imeshikiliwa na uzi mwembamba. Meneja aliniuliza kama nitaweza kusimama kutwa kama wenzangu. Nikamwambia nitaweza. Akasema, "Haya, tutaona." Unajua "tutaona" ya wakubwa ilivyo. Nikishindwa hapa sina kazi, na bila kazi sina hata hicho chumba.

Juzi niliingia duka moja nikajaribu jozi tatu. Muuzaji akaniuliza zipi zinanibana, zipi zinapwaya. Nikamwambia zote sawa. Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau. Lakini kweli, naziona zote sawa tu. Nikatoka mikono mitupu.

Wewe unashinda kwenye duka la viatu la yule mwanafunzi wako wa zamani. Nichagulie wewe.

Mpwa wako,
Chiriku


Tarehe 11 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba. Kikohozi kinakusalimu. Umefanya vyema kuandika. Kwenye simu nasikia nusu ya maneno, nusu nyingine naitunga mwenyewe, lakini barua naweza kuisoma mpaka ikakiri yote.

Nimefurahi kwamba umepunguza nguo. Kabati lililojaa ni kama darasa lililojaa: kelele nyingi, majibu machache. Na huyo meneja wako, ingawa simjui, hilo la viatu amelifikiri. Kiatu cheupe kisicho na neno ni mgeni mwenye adabu. Mkalishe na suruali nyeusi, anakaa. Mkalishe na gauni, anakaa. Hamsemi mwenyeji wala hashindani naye.

Sasa nikueleze, na usisinzie.

Kwanza, weupe si rangi moja. Weka dirishani karatasi, ganda la yai na kikombe cha maziwa, utaona tofauti. Weupe wa karatasi una ubaridi ndani yake. Kando ya gauni lako la kijivu utang'aa kama bandeji. Weupe wa maziwa una joto kidogo, nao husamehe vumbi. Chukua wa maziwa. Pili, soli iwe na rangi ileile ya juu. Soli nyeusi chini ya kiatu cheupe humkatisha mtu machoni, akaonekana mfupi kuliko Mungu alivyomuumba. Tatu, chukua ngozi laini, si turubai. Turubai hunywa kila tone la chai na halisahau. Mishono iwe michache, maana kila mshono wa ziada ni mfereji wa uchafu. Kamba ziwe bapa. Za mviringo hujifungua zenyewe kama mdomo wa mlevi.

Mwenye Duka ananisikia nikiyasoma haya kwa sauti, anacheka. Anasema, "Mwalimu, jana mteja alitaka kamba tu, ukampa na historia ya ng'ombe. Akaondoka bila kamba." Huyu nilimfundisha hesabu, leo ananifundisha biashara.

Kuhusu kuona jozi zote sawa, hilo nakujua nalo tangu utotoni. Ulikuwa ukipewa machungwa mawili uchague moja, unalia. Mguu una sauti yake, mama. Mtu akishindwa kuchagua kiatu, hajautegea sikio. Usiwe kama mama yako, Mungu amrehemu. Dada yangu alivaa chochote na kula chochote. Watu husema sukari ilimuua. Mimi nilikuwepo: ni uzembe. Nakwambia hivi kwa sababu wewe ni mwangalifu, hukumrithi kwa hilo.

Nitakuchagulia mwenyewe. Chukua nyuzi mbili. Pima jioni, maana miguu huvimba kidogo baada ya kazi, na upime ukiwa umesimama. Uzi mmoja uende kutoka kisigino hadi ncha ya kidole kirefu. Wa pili uzungushe pale mguu ulipo mpana zaidi, chini ya vidole. Funga fundo kila mwisho, ukate, unitumie.

Mjomba wako


Tarehe 18 Februari

Shikamoo Mjomba,

Nyuzi ziko ndani ya bahasha. Mwekundu ni urefu, mweusi ni mzunguko. Nimepima jioni, nimesimama, kama ulivyoagiza. Usishangae huo mweusi, mguu umenenepa kidogo. Wengine wananenepa mashavu, mimi nimeanzia chini.

Niko salama. Chai siku hizi nakunywa kavu, bila sukari. Ni mtindo tu wa huku.

Nakuomba usichelewe. Nimefanya mazoezi ya kusimama: nasimama dirishani mchana kutwa natazama watu wakipita. Jirani yangu amedhani nina mchumba.

Mpwa wako,
Chiriku


Tarehe 25 Februari

Mpwa wangu,

Raba hizo. Fungua kwanza, kisha urudi kwenye barua, maana najua hutavumilia.

Umeziona? Weupe wa maziwa, soli yake ileile, hakuna neno hata moja. Nimetoa jozi kwenye maboksi mpaka Mwenye Duka akaniuliza kama natafuta mke.

Sasa habari ya nyuzi. Mwekundu ni safi, nimekupa alama zote. Mweusi umenichekesha. Nimefundisha watoto kupima mzunguko wa vikombe, wa vigogo na wa vichwa vyao wenyewe maisha yangu yote, na kosa huwa lilelile: mpimaji huacha hewa kati ya uzi na kitu. Bado ninacho kipimo cha vile viatu nilivyokununulia kwa harusi ya binamu yako. Mguu wa mtu mzima hauongezeki upana namna hii kwa kipindi kifupi. Basi nimeusahihisha. Nimetoa ile hewa, nikachukua jozi ya upana wa kawaida. Mwenye Duka alitaka nichukue pana, akasema, "Mwalimu, uzi ni uzi." Nikamwambia uzi ni uzi, lakini aliyeushika ni Chiriku.

Siku za mwanzo zitakubana. Usiogope. Ngozi ni kama mwanafunzi mgeni: hujikaza, halafu ikakuzoea, ukasahau kwamba mlikuwa hamjuani. Usizivue mchana, ziache zijifunze umbo la mguu. Zikikuuma kupita kiasi, niandikie mara moja, nitabadilisha.

Simama vizuri huko. Nakuombea.

Mjomba wako


Tarehe 9 Machi

Shikamoo Mjomba wangu,

Ahsante, ahsante, na tena ahsante. Hazijaniuma hata kidogo! Tangu siku ya kwanza. Wenzangu wote wanalalamika, mmoja amebandika plasta visigino vyote viwili, mwingine anatembea kama bata. Mimi kimya. Wameniuliza nimenunua wapi, nikawaambia nina mjomba.

Zinaenda na kila kitu. Jumatatu nilivaa na suruali, jana na sketi, leo na lile gauni la kijivu, na meneja alinitazama juu mpaka chini, akafika miguuni, akaendelea na shughuli zake. Kwake hiyo ndiyo sifa. Nimesimama kutwa, Mjomba. Kutwa! Nilipanda hata ngazi kutundika pazia la mteja mwenye chumba kirefu kama kisima.

Nachoka jioni, lakini nani hachoki.

Mpwa wako mwenye kazi,
Chiriku


Tarehe 16 Machi

Mpwa wangu mwenye kazi,

Barua yako nimemsomea Mwenye Duka mbele ya wateja. Nilipofika pale uliposema "Hazijaniuma hata kidogo!" nikamtazama. Akasema, "Haya Mwalimu, umeshinda." Nimekunywa chai yake siku nzima kwa ushindi huo.

Usafi sasa. Futa kila jioni kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, kisha kwa kikavu. Usizioshe kwa kuloweka. Zikaushe kivulini, jua hugeuza weupe kuwa manjano, na manjano hayo hayatoki. Ndani weka karatasi ili zisipoteze umbo. Kamba zivue, uzifue peke yake. Mtu akikutazama asijue kama ni mpya au za mwaka jana.

Mjomba wako


Tarehe 4 Aprili

Chiriku,

Kimya chako kirefu. Najua kazi imekushika na sitaki kuwa mzee mwenye kudai barua. Nimekuandikia tu kukuambia kwamba kumekuja kamba bapa za akiba, nimekuwekea. Jibu hata kwa mstari mmoja.

Mjomba wako


Tarehe 12 Aprili

Kwako Mjomba,

Salamu. Hunijui. Mimi ni jirani wa mpwa wako, mlango unaofuata. Napiga pasi nguo za watu, ndiyo maana wananiita Mama Pasi. Nakuita Mjomba na mimi kwa sababu humu ndani sijasikia jina lako jingine. Amenikataza nisikuandikie. Ndiyo maana naandika.

Nitasema moja kwa moja, sijui kuzunguka. Yuko hospitali. Mguu wa kulia wameukata, chini ya goti.

Ilianza hivi. Nilisikia harufu chumbani kwake, nikadhani panya kafia nyuma ya kitanda. Tukasogeza kitanda, hakuna panya. Yeye mwenyewe akawa anacheka, "Mama Pasi, labda ni wewe." Nikamwambia kaa chini, vua viatu, tuangalie na humo. Akavua. Kiatu kilitoka, soksi ikagoma. Ilikuwa imegandamana na nyama, Mjomba. Ubavuni mwa mguu, chini ya kidole kidogo, palikuwa na shimo naweza kuweka kidole changu. Akawa anautazama kama mguu wa mtu mwingine. Nikamuuliza, wewe, hukusikia? Akasema, "Chini ya vifundo mimi sijasikia kitu tangu mwaka jana."

Ana sukari. Nimejua siku hiyo na mimi. Ile likizo yake hakuwa amechoka, alikuwa amelazwa. Miguu ilikufa ganzi na kuvimba, wakamwambia ajitazame kila siku, avae viatu vipana. Alikuwa akijitazama juu juu, jioni, amechoka, na taa yetu ni hafifu. Na kiatu, kwa kuwa hakikumuuma, akaamini kimemkaa.

Mimi mwenyewe nilizisifu raba hizo. Sote tulizisifu.

Walianza na vidole viwili. Wakasema kidonda kimepanda. Wakarudi tena. Nilimuuliza kwa nini hukuambiwa wewe tangu mwanzo. Akasema ulishamaliza kuzungumza habari za sukari, ulizimaliza kwa mama yake.

Raba ninazo mimi. Kwa nje hazina doa. Nimezipangusa, sijui kwa nini.

Mama Pasi


Tarehe 20 Aprili

Mpwa wangu mpendwa,

Nimepata habari. Usimlaumu jirani yako.

Nimekaa nikafikiri jinsi ya kukusaidia, na nimeona bora nikupe maarifa, kwa kuwa mtu anayejua haogopi sana. Kidonda cha upasuaji hupona kwa hatua. Mwanzoni ngozi hujivuta, utahisi mguu usiokuwepo ukiwasha. Hilo ni jambo la kawaida, ubongo una ramani ya zamani na huchukua muda kuichora upya. Wakati huo utahitaji magongo. Magongo nayo yana uchaguzi wake. Ya kwapani huonekana imara, lakini mtu akiyaegemea vibaya huumiza mishipa ya mikono. Yale ya kushika kwa mkono, yenye pete ya kukumbatia kiwiko, ni mepesi na humfundisha mtu kusimama wima. Kimo chake kipimwe ukiwa umevaa kiatu, mikono ikiwa imelegea. Ncha ziwe na mpira mpana, na mpira huo ukaguliwe mara kwa mara, maana ukichakaa huteleza kwenye sakafu yenye maji.

Nimeuliza pia habari za miguu ya bandia. Ipo ya mbao, ipo ya plastiki. Nitakueleza kila aina katika barua ijayo, na nitakuchorea. Wapo watu wengi wanaoishi hivyo, wanafanya kazi na hata kucheza mpira.

Kula vizuri. Sikiliza wauguzi. Nipe ruhusa nije.

Mjomba wako


Tarehe 2 Mei

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ya magongo nimeisoma. Kisha nimempa mwenzangu wa kitanda cha jirani, kwa sababu yeye atatumia gongo. Mimi sitatumia. Daktari ameutazama mguu wa kushoto. Hakusema kama utakatwa. Alisema lini.

Kurasa zote zile, na jambo moja hukuligusa. Sikulaumu, na sikusihi uliandike sasa. Uliniambia mwenyewe kwamba umeusahihisha uzi, uliniambia kwa furaha, nami nilisoma nikacheka. Ningeweza kukujibu siku hiyohiyo: Mjomba, hakuna hewa, huo ni mguu wangu. Sikujibu. Mimi nilificha ugonjwa, wewe ukapunguza kipimo. Kazi hii tuliifanya wawili, hakuna aliyeimaliza peke yake.

Unataka kujua kwa nini nilificha. Si kwamba ungenigombeza. Wewe hugombezi. Ungeniandikia kwa upole, aya kwa aya, mpaka nielewe kabisa kwamba ni kosa langu. Mama alipokuwa anakufa ulikaa kando ya kitanda ukamweleza. Nilikuwa mlangoni nimeshika beseni. Ulipotoka aliniambia, "Kaka anasema kweli tupu. Mwambie aniache nilale." Sikukuambia. Nakuambia leo.

Meneja alikuja na matunda. Alisimama muda wote, kiti kilikuwepo. Akasema ile ni kazi ya kusimama. Nikasema najua. Nikamuuliza habari za chumba cha kushonea pindo, kule watu wanakaa. Akatazama shuka pale mguu ulipoishia, akasema cherehani zao zote ni za kukanyaga. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatafuta mlango kwa macho, maskini, kama mtu aliyeingia msiba usio wake.

Chumba mwenye nyumba amekipangisha. Mama Pasi amehamisha vitu vyangu kwake, na kwake penyewe ni pa kulalia pasi. Anasema tutabanana. Anasema hivyo huku akilia, basi ujue haiwezekani.

Nitaandika hili mara moja tu. Sina pengine pa kwenda ila kwako. Siji kwa kuwa nimekusamehe wala kwa kuwa nimekukasirikia. Vyote viwili vinataka nguvu, na mimi sina. Wakishamaliza na mguu huu wa pili watanileta kwa gari. Hawajui kama kidonda kitafunga. Cha kwanza bado hakijafunga.

Nina ombi. Nikifika, usinieleze. Usinieleze jinsi ya kukaa, jinsi ya kuhamia kiti cha magurudumu, sukari inafanyaje kazi kwenye mishipa, wala habari za yule anayecheza mpira. Ukiona huwezi kukaa chumba kimoja nami ukiwa kimya, niambie sasa, kabla hawajanipakia.

Mpwa wako


Tarehe 8 Mei

Chiriku,

Mlango wa mbele umepanuliwa. Njoo.

Mjomba